Mchanga wa Kunduchi

Mchanga wa pwani ni mali isiyotulia. Mtu asimamaye Kunduchi, kilomita 20 hivi kaskazini ya kitovu cha Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa, huona uwanja mpana ulionyooka, akadhani kuwa uwanja huo ulikuwapo jana na kesho utakuwapo vile vile. Kumbe kila chembe anayoikanyaga imo safarini. Ilitoka mahali, inakwenda mahali, na kukaa kwake pale ni kama kukaa kwa msafiri chini ya mwembe: hupumzika, kisha huondoka. Ufuko hudumu kwa sababu moja tu, kwamba wasafiri wajao si wachache kuliko waendao. Historia ya kuta, magati na nyumba za pwani hii ni historia ya watu waliojua jambo hilo, na ya wengine waliokuja baadaye ambao hawakulijua, au walilijua wakalipuuza.

Mwenye kuusafirisha mchanga ni upepo, kwa mkono wa mawimbi. Kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba huvuma kusi, nayo huyaleta mawimbi kwa mshazari, si uso kwa uso na nchi kavu. Wimbi hupanda ufukoni kwa mshazari likiwa limebeba mchanga, kisha maji hurudi baharini kwa njia iliyonyooka. Hivyo kila chembe ipandapo na kushuka husogea kidogo kuelekea kaskazini. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huigeuza safari, mchanga ukarudi kusini. Lakini kaskazi katika pwani hii ni dhaifu kuliko kusi, na deni halilipwi lote. Mwisho wa mwaka mchanga uliokwenda ni mwingi kuliko uliorudi. Upungufu huo ulikuwa ukifidiwa na vijito vishukavyo kutoka vilima vya magharibi ya mji: Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta. Ni vijito vifupi, na wakati wa kiangazi mtu huvivuka bila kulowa magoti. Lakini masika yakifika hukokota mchanga mwingi na kuumwaga pwani. Fungu la pili lilitoka miambani, kwani matumbawe nayo husagika yakawa mchanga. Tena miamba hiyo, pamoja na visiwa vya Bongoyo, Pangavini na Mbudya, ilikuwa ngao: mawimbi ya bahari kuu yalivunjikia kule mbali, yakafika ufukoni yakiwa yamechoka.

Wenyeji wa zamani waliijua tabia hii pasipo kuiandika. Ushahidi wao ni magofu ya Kunduchi: msikiti wa kale wa mawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo, mengine yakiwa yamepambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Watu wale walikuwa mafundi wa mawe, na walikuwa na biashara iliyowaletea vyombo kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Lau wangetaka gati la mawe la kufungia majahazi yao, hawakukosa ujuzi wala chokaa. Hata hivyo jiwe lao walilitumia kwa ibada na kwa wafu, wakalijenga mahali ambapo hata leo bahari haijapafikia. Ama ufuko waliuacha kama ulivyo.

Sababu yake si uvivu. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Gati linalofaa maji yakijaa huwa limesimama kwenye matope maji yakipwa. Nahodha wa jahazi alikuwa na njia rahisi zaidi: huingia na maji yanayojaa, hutia nanga karibu na nchi, husubiri maji yatoke, na chombo kikakaa mchangani kwa utulivu. Hapo wachukuzi huenda kwa miguu mpaka ubavuni mwa chombo, wakashusha mizigo kwa mabega. Maji yakirudi chombo huelea chenyewe. Ngalawa na madau yalisukumwa juu ya magogo hadi mahali pakavu. Kwa hiyo ufuko wenyewe ndio uliokuwa gati, na gati hilo lilikuwa na sifa ambayo hakuna mhandisi aliyeweza kuiiga: mwaka mmoja likisogea hatua kumi, watu husogea nalo, na hakuna kilichobomoka.

Ndani ya bandari ya Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, alichagua mkono wa bahari uliojificha nyuma ya mlango mwembamba, usiopigwa na kusi wala kaskazi. Alifariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijakwisha. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walihamishia makao makuu ya koloni lao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na reli waliyoanza kuijenga bandarini mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Walikuwa hata na gudi lenye kuelea la kutengenezea meli. Vita vilipozuka Agosti 1914 wakalizamisha kwa mikono yao katika mlango wa bandari ili manowari za Kiingereza zisipite. Kwa miaka mingi baadaye meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na shehena zikaletwa nchi kavu kwa matishari, mpaka yalipofunguliwa magati matatu ya kina kirefu mwaka 1956.

Katika maji hayo yaliyotulia jiwe lilitii amri. Ukuta uliojengwa ulibaki pale ulipojengwa, na gati lilirefushwa kadiri fedha zilivyoruhusu. Huenda hapo ndipo mji ulipozoea kufikiri kwamba mpaka kati ya nchi na bahari ni jambo la kuamriwa kwa saruji. Lakini pwani ya nje, itazamayo bahari kuu, haina adabu za bandari.

Hadi wakati wa uhuru mwaka 1961 pwani hiyo ya kaskazini ilikuwa na vijiji vya wavuvi, minazi, mikoko na majaruba ya chumvi. Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza kazi katika kilima cha Wazo, karibu na Tegeta, kilima ambacho chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuliwa juu ya bahari. Mwishoni mwa miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikajengwa hoteli za watalii zikifuatana ufukoni: Africana, Silversands, Kunduchi Beach, Bahari Beach. Utalii ule ulizusha mabishano makali. Mwaka 1970 wanafunzi wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu waliandika gazetini kuuhoji, wakajibiwa, wakajibu tena, na mabishano hayo yakakusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa G. Shivji mwaka 1973. Waliuliza hoteli ni za nani, faida inakwenda wapi, na mhudumu anayeinama mbele ya mgeni anabaki na heshima gani. Yalikuwa maswali ya haki. Lakini mali ya kwanza ya hoteli hizo haikuwa vitanda wala majiko, ilikuwa mchanga uliotandikwa mbele yake. Na mchanga huo, wakati hoja zikirushwa, ulikuwa umekwisha kuanza kuchukuliwa kwa upande wa nyuma.

Mji ulikuwa unakua. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728. Watu hao walitaka nyumba, na nyumba ya mjini haikuwa tena ya miti na udongo bali ya matofali ya saruji. Saruji peke yake haifanyi tofali. Sehemu kubwa ya tofali ni mchanga, na mchanga wa bei nafuu ulipatikana katika vijito vile vile vya Mbezi na Tegeta, karibu na madaraja ya Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo lori liliweza kushuka. Vijana wenye machepe walichimba kitanda cha mto, lori likajaa, likaondoka. Masika yakashusha mchanga mwingine ukajaza mashimo badala ya kufika baharini. Hivyo zilijengwa Sinza, Mikocheni, Mbezi na mitaa mingine mingi. Pengine ni kweli kusema kwamba sehemu ya ufuko wa Kunduchi haikuliwa na bahari kamwe, bali imesimama wima katika kuta za vyumba vya Kinondoni.

Ni desturi kumlaumu mchimbaji. Serikali ilipiga marufuku mara kadhaa, na mara kadhaa wachimbaji walifukuzwa, wakarudi. Mtu asiye na shamba wala ajira, mwenye chepe moja, hawezi kuonekana mhalifu mkubwa mbele ya mji mzima uliosimama foleni kununua anachochimba. Kama kuna kosa, ni la hesabu: bei ya mchanga ilikuwa ujira wa kuuchimba na nauli ya lori, na hakuna aliyeandika katika hati ya malipo gharama ya mita za ufuko zitakazopotea kilomita chache mashariki.

Mchango wa miamba nao ulipungua. Matumbawe yalivunjwa na kuchomwa tanuuni kuwa chokaa. Baya zaidi lilikuwa baruti. Uvuvi wa baruti ulikatazwa kisheria tangu mwaka 1970, na mwaka 1975 Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa hifadhi. Lakini milipuko iliendelea kusikika kwa miongo mingi baada ya hapo. Kishindo kimoja huua samaki wa siku moja, na huvunja mwamba uliojengwa kwa karne nyingi. Palipobomoka mwamba, mawimbi yalipata mlango.

Basi bahari ikaja. Haikuja kwa tufani, kwani tufani ni adimu katika latitudo hii, ingawa Unguja ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Ilikuja kwa bamvua za kawaida, kila moja ikichukua kidogo: mzizi wa mvinje ukabaki wazi, kisha mti ukainama, kisha ngazi ya hoteli ikaning’inia hewani. Mwaka 1978 mwanajiografia H. M. Mushala alichapisha uchunguzi wake juu ya nguvu ziiumbazo pwani ya Kunduchi, na katika muongo uliofuata wataalamu wengine waliongeza vipimo vyao. Majira hayo hayo, mbele ya Pangani, kisiwa kidogo cha Maziwe kilichokuwa na miti, ambacho kasa walipanda kutaga mayai, kilizama kikabaki fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa. Huko Kunduchi hoteli ya Africana ilipigwa mpaka ikaachwa kabla ya karne kwisha. Leo jina lake ni jina la kituo cha mabasi katika Barabara ya Bagamoyo. Makondakta hulitangaza asubuhi na jioni, na abiria wengi washukao hapo hawajui kwamba wanashuka penye jina la jengo lililoshindwa na maji.

Waliobaki waliamua kupigana, na walipigana kwa silaha mbili.

Ya kwanza ni kikuta, yaani ukuta mfupi wa mawe au wa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, unaotoka ufukoni na kuingia baharini. Kazi yake ni kuukamata mchanga ulio safarini. Kusi ikivuma, mchanga hujikusanya upande wa kusini wa kikuta, na mwenye kiwanja huona ufuko wake umeongezeka, akafurahi. Lakini kikuta hakizalishi mchanga. Kimewazuia wasafiri njiani tu. Jirani wa kaskazini, aliyekuwa akiwapokea, sasa hapokei kitu, huku mawimbi yakiendelea kumnyang’anya kama zamani. Ufuko wake hukatika kwa kasi kuliko kabla kikuta hakijajengwa. Naye afanye nini? Hujenga kikuta chake. Hapo balaa humhamia wa tatu. Katika pwani ya Kunduchi na Mbezi vikuta vilifuatana namna hiyo, kila kimoja kikiwa jibu la kilichotangulia, na ukitazama kutoka juu ufuko wote umekuwa kama meno ya msumeno: umevimba upande mmoja wa kila kikuta na kuliwa upande wa pili. Hakuna aliyemwibia mwenzake kwa kukusudia. Kila mmoja alikuwa akilinda kilicho chake, na ndiyo maana ugomvi huu ni mgumu kuamuliwa barazani.

Silaha ya pili ni ukuta wa kusimama mbele ya kiwanja, sambamba na bahari. Huu humlinda mwenye nyumba kwa muda, wala si haki kuudharau. Mtu ambaye maji yanagonga msingi wa chumba cha watoto wake hana nafasi ya kusubiri utafiti. Lakini wimbi lililozoea kupanda mteremko wa mchanga na kufia humo, likikutana na ukuta wima hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga wa chini ya ukuta. Baada ya miaka kadhaa ukuta umesimama, ila ufuko mbele yake haupo. Kisha msingi huwa wazi, na ukuta nao huanza kuinama. Kwenye ncha zake mbili maji huzunguka na kumla jirani asiye na ukuta. Aghalabu asiye na ukuta ni asiye na fedha za kujenga ukuta.

Na huyo, katika pwani hii, ni mvuvi. Mwenye hoteli hupoteza mapato ufuko ukitoweka, na mwenye kiwanja hupoteza thamani ya hati yake. Mvuvi wa Kunduchi au Msasani hupoteza gati. Ngalawa haiwezi kusukumwa juu ya ukuta wa zege. Nyavu hazianikwi juu ya mawe yenye waya. Njia ya mguu ambayo watu waliipita ufukoni tangu mababu, wakitoka kijiji hadi kijiji maji yakipwa, hukatwa na vikuta na kuta, na mara nyingine na mlinzi mwenye filimbi. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya mhandisi yeyote, kwa kuwa haki ya mvuvi juu ya ufuko haikuwahi kuandikwa. Ilikuwa ni mazoea, kama vile jahazi lilivyozoea kukaa mchangani.

Sheria ilijaribu kuweka mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, ilikataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo za bahari, ziwa, mto au bwawa ndani ya mita 60. Kwa bwawa lililojengwa na watu, ambalo maji yake hupanda na kushuka kwa kipimo kijulikanacho, mita 60 hupimika bila taabu. Kwa bahari kipimo kina fumbo ndani yake, maana mwanzo wa kamba hausimami mahali pamoja. Nyumba iliyojengwa kihalali mita 60 kutoka majini yaweza kujikuta, kabla mwenyewe hajazeeka, ipo mita 20. Haikusogea yenyewe, na mmiliki hakuvunja sheria, lakini sasa yumo ndani ya eneo lililokatazwa. Tena wengi walikuwa wamejenga kabla ya mwaka 2004. Afisa anayefika na rangi nyekundu ya kuandika alama ya kubomoa hukuta mbele yake hati halali, ukuta usio na kibali na bahari isiyosoma chochote.

Umma nao ulijenga ukuta. Katika mradi ulioanza mwaka 2012 kwa fedha za mfuko wa kimataifa ulioundwa chini ya Mkataba wa Kyoto, zilijengwa kuta mbili zilizokamilika kufikia mwaka 2018: moja kando ya Ocean Road, barabara iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, nyingine ng’ambo ya pili, Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya peke yake. Ukuta wa Kigamboni unalinda uwanja wa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho kilifunguliwa mwaka 1961 kikiitwa Chuo cha Kivukoni. Kazi hii ilikuwa na sifa ambayo kuta za Kunduchi hazikuwa nayo: ilipimwa kwanza, na iligharimiwa na umma kwa ajili ya barabara na chuo cha umma, ambavyo haviwezi kuhamishwa kama ngalawa. Watu hupunga upepo hapo jioni, na hakuna mlinzi mwenye filimbi.

Lakini ukuta wa Ocean Road si dawa ya Kunduchi. Ocean Road ni kipande kifupi, kina mwenyewe mmoja, na kilichotakiwa kuokolewa pale ni barabara. Kunduchi kinachotakiwa kuokolewa ni mchanga wenyewe, na wenye viwanja ni wengi. Ziko nchi zilizochagua kuurudisha mchanga badala ya kujenga jiwe: Uholanzi, ambayo kwa karne nyingi imeishi nyuma ya kuta, mwaka 2011 ilimwaga mita za ujazo zaidi ya milioni 20 za mchanga katika pwani iliyo karibu na The Hague, ili mawimbi yenyewe yausambaze. Ni akili ile ile ya wazee wa Kunduchi, ila kwa fedha za Uholanzi. Dar es Salaam haina fedha hizo. Ilikuwa na vijito vitatu vilivyoifanya kazi hiyo bure kila masika.

Huko Kunduchi samaki bado hunadiwa mchangani. Bamvua ikikaribia, vijana huzisukuma ngalawa juu zaidi ya jana, mpaka zikaegemea ukuta wa kiwanja cha jirani, na mnada huanza mapema kabla maji hayajafika.